Usifagie Pasifiki

Jumamosi, tarehe nane Novemba, mwaka wa elfu mbili ishirini na tano. Asubuhi hiyo Isiolo iliamka na mawingu mazito upande wa Nyambene. Upepo wa baridi ulisukuma vumbi la jana barabarani, kisha matone machache yakaanguka juu ya mabati na kunyamaza, kama mgeni aliyebisha hodi halafu akabadili nia.

Apua Lochoro aliyasikia matone hayo akiwa bado amepiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa akiwaombea wagonjwa wa jumuiya, na maombi yake ya asubuhi hayakuwa na kawaida ya kukatizwa na chochote. Lakini bati lilipolia alifumbua macho.

"Bwana, nisamehe," alisema. "Dunia inalowa."

Akachukua turubai na kutoka nje mbio bila viatu.

Dunia ilikuwa uani, nyuma ya nyumba. Ilianzia karibu na jiko la kuni, ikazunguka mpaka banda la kuku, kisha ikarudi. Ilikuwa ya mawe ya mtoni, kila jiwe mji mmoja ambao ndege ingetua. Jiwe jeusi lilikuwa Isiolo. Kutoka hapo mawe yalipanda Uhabeshi na Jibuti, yakaenda Maskati na Karachi, yakapita Uhindi na Uchina hadi Japani. Yakazunguka kaskazini kwa Warusi, yakaingia Alaska, yakakata Kanada, Grinilandi na Aisilandi, yakashuka Ulaya na Misri, na mwisho yakarudi kwenye jiwe lile lile jeusi. Pasipokuwa na kitu palikuwa bahari. Changarawe mbili tatu katikati ya bahari zilikuwa visiwa, na kwa sababu ya changarawe hizo binti yake Nakaale alikuwa amekatazwa kutumia ufagio upande ule wa ua.

"Baba, kuku wamechafua hapa," alikuwa amelalamika wiki iliyopita, ufagio mkononi.

"Wapi?"

"Hapa, kabla ya Alaska."

"Usifagie Pasifiki!" Apua alipiga kelele kutoka chooni. "Utatupotezea visiwa!"

Ndege yenyewe haikuwa ya kupaa angani. Ilikuwa ndani ya kompyuta. Nakaale alifanya kazi kwenye saiba moja mjini, duka la kulipia intaneti, na mwenye saiba alipoifunga na kurudi kwao Meru alimwachia mashine moja kama zawadi ya kuagana. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa kurusha ndege, wenye viwanja vya dunia nzima, mawingu, upepo, na mishale ya mafuta inayoshuka kweli kweli. Nakaale akatafuta kijiti cha kuongozea. Apua akaenda gereji na kurudi na kiti cha dereva kilichong'olewa kwenye pikapu iliyokufa. Neno "mchezo" alilikataa tangu siku ya kwanza. Yeye alisema "safari."

Alipokuwa akilitandaza turubai juu ya Uhindi na kulikandamiza pembeni kwa matofali, alijikuta akitabasamu. Baba yake, mzee Lochoro, angeielewa dunia hii. Wazee wa zamani walipotaka kuhamisha mifugo walipanga mawe mchangani kwanza: hapa kisima, hapa kilima, hapa watu ambao ni lazima waombwe njia. Apua na rafiki yake Doyo walikuwa wameipanga safari ya ndege vivyo hivyo. Ndege, kwa hesabu yao, ilikuwa kama ngamia. Hubeba maji yake yenyewe na kwenda mbali, lakini haiendi milele, kwa hiyo kati ya kisima na kisima usikosee.

Walikuwa wanaijua ndege tangu utotoni.

Ng'ambo ya Ngaremara, ukiiacha barabara kuu na kufuata korongo, palikuwa na misheni ndogo yenye uwanja wa ndege wa mchanga. Siku hizi uwanja wenyewe umemezwa na vichaka vya mathenge, huwezi hata kuuona. Lakini wakati ule mzee Lochoro alikuwa mtunzaji wake, na kila baada ya siku kadhaa alikuja Bruda, mzungu mmoja mwembamba mwenye ndevu nyekundu, akileta dawa kwa kindege cheupe. Uwanja ulikuwa mzuri isipokuwa kwa mambo mawili. La kwanza, mbuzi waliupenda sana, kwa kuwa palikuwa na joto la mchanga na nyasi fupi pembeni. La pili, katikati yake palikuwa na mgongo wa ardhi, kama mtu aliyelala kifudifudi, hata aliyesimama upande mmoja hakuweza kuona upande wa pili.

Kwa hiyo Bruda hakutua mara ya kwanza. Alipita chini kabisa, tumbo la ndege karibu liguse migunga, ili watu wajue amefika. Hapo ndipo watoto wawili walipoanza kazi. Apua alifukuza mbuzi upande wa kusini, ambako baba yake alisimama na kitambaa cheupe kwenye fimbo. Upande wa kaskazini, nyuma ya mgongo, alikuwa Doyo, mtoto wa Waborana waliokuwa wakinywesha mifugo yao karibu na misheni. Doyo alipomaliza alipaza sauti, "Peupe!" Sauti hiyo ilivuka mgongo. Apua alimgeukia baba yake na kusema, "Peupe," na mzee Lochoro ndipo akainua kitambaa.

Miaka yote ile Apua hakuwahi kuuona upande wa Doyo wakati ndege ikija. Alisikia tu sauti.

Bruda alikuwa amewaambia, "Mkikua nitawazungusha dunia nzima." Kisha Bruda akahamishwa, misheni ikafungwa, watoto wakawa watu wazima. Apua alilinda ghala la nafaka mjini mpaka nywele zikawa nyeupe. Doyo aliuza na kununua mifugo mnadani. Walijenga nyumba jirani huko Burat, pembezoni mwa Isiolo, wakazaa, wakasaidiana kuzika wazazi. Apua alipostaafu alijiandikisha masomo ya ngumbaru ya jioni kwenye ukumbi wa kanisa, akajifunza kusoma akiwa na wajukuu, na neno la kwanza refu alilosoma bila kusaidiwa, kwenye ramani ya mwalimu, lilikuwa Madagaska.

Sasa, baada ya miezi ya kupanga mawe, siku ya kuruka ilikuwa imefika. Saa nane mchana, baada ya Doyo kutoka msikitini, wangeanza. Wangeruka kituo kimoja kila Jumamosi, bila haraka. Apua alikuwa amemwalika hata mwalimu wake, Salesio, aje kuwasindikiza.

"Salaam aleikum, Baba Nakaale!"

Doyo alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, kofia yake ya kufuma kichwani, bakora mkononi. Apua alishangaa. Hakumtarajia asubuhi.

"Karibu, Baba Dahir. Habari ya kuamka?"

"Nzuri. Dunia imelala aje?"

"Imelowa kidogo upande wa Uhindi. Afadhali wewe umekuja, tusaidiane kushika hili turubai."

Lakini Doyo hakushika turubai. Aliinua pembe moja, akachuchumaa, akaanza kuyatazama mawe. Akaokota moja na kuliweka kando. Akaokota la pili. Apua akadhani anayapangusa matope.

"Hiyo ni Karachi," alisema.

"Najua."

"Unaipeleka wapi?"

"Hatuihitaji. Tukitoka Maskati tunapita juu, tunatua kule mbele." Doyo alikuwa tayari ameshika jiwe la tatu. "Na hii pia. Na hizi mbili za Kanada. Vituo vimezidi, ndugu yangu. Tukivikata, tunaweza kuruka leo mchana, tena usiku, na kesho mchana kutwa, tukamaliza."

"Tumalize nini?"

"Dunia."

"Kesho?" Apua alicheka. "Baba Dahir, sisi tumekaa tangu Juni tukipanga, halafu unataka kuimaliza dunia kabla ya Jumatatu? Nani anatufukuza?"

Doyo hakucheka. "Hakuna anayetufukuza."

"Na mafuta? Kutoka Maskati hadi huko mbele yatafika?"

"Yatafika. Tukitoa mafuta ya mbuzi, yatafika."

Kuku mmoja alitembea polepole kutoka Japani kuelekea Amerika, na hakuna aliyemfukuza.

Mafuta ya mbuzi yalikuwa sheria ya kwanza ya safari yao. Siku za majaribio, kila Apua alipokaribia uwanja kwenye kompyuta, mkono wake ulikataa kutua moja kwa moja. Alipita chini kwanza, akazunguka, akangoja. Na Doyo, aliyekaa nyuma yake kwenye stuli ya jikoni, alikitazama kioo, akapaza sauti, "Peupe!" Hapo ndipo Apua aliposhuka. Mzunguko huo ulikula mafuta, kwa hiyo kila kituo walikitengea mafuta ya ziada. Mwalimu Salesio alipoziona hesabu zao alikuwa ameuliza kwa upole, "Lakini ndugu zangu, mbuzi gani wako Japani?" Doyo ndiye aliyemjibu, tena kwa ukali: "Mwalimu, uwanja usio na mbuzi mimi nimeusikia tu kwenye redio. Sijauona."

Na sasa Doyo huyo huyo.

"Umesema tutoe nini?"

"Ni kompyuta tu, Baba Nakaale."

"Ni kompyuta tu," Apua alirudia. Alimtazama rafiki yake usoni, na Doyo akatazama banda la kuku. "Kuna jambo. Unaumwa?"

"Alhamdulillahi, siumwi."

Kabla Apua hajauliza tena, Abiba, mke wa Doyo, aliingia kwa mlango ule ule, shuka limefungwa kiunoni kama mtu aliye kazini tangu alfajiri.

"Ah, mko hapa kwenye dunia yenu! Habari, Baba Nakaale. Nimekuja kuazima turubai. Lori la Merti linatoka Jumatatu alfajiri, na kwa mvua hii magodoro yatafika yakiwa uji."

"Magodoro ya nani?" Apua aliuliza.

"Yetu." Abiba alimtazama, kisha akamtazama mumewe aliyekuwa bado amechuchumaa na Kanada mkononi. Macho yake yakapanuka. "Hujamwambia? Doyo! Toka mazishi mpaka leo? Mnakaa hapa kila siku mkipanga kwenda Japani, na umeshindwa kumwambia unaenda Merti?"

Doyo aliinuka taratibu, magoti yakilia. Apua alielewa kabla hajaambiwa. Kaka yake Doyo, mzee Dabasso, alikuwa amefariki huko Merti, mbali nyikani, mwezi wa Septemba. Apua mwenyewe alikwenda kuhani, akala chakula cha msiba, akaona ngamia na ng'ombe wa marehemu na wajane wawili na watoto wadogo. Aliona, lakini hakufikiria.

"Wale wanyama hawawezi kuachiwa watu wa mshahara," Doyo alisema. "Na watoto wa kaka yangu sasa ni wangu. Wazee wamekaa, wamesema ni mimi. Si kwa msimu mmoja, Baba Nakaale. Ni kuhama."

"Ni haki," Apua alisema. "Wazee wamesema haki."

"Nilitaka tumalize dunia kwanza, ndio nikwambie."

Apua aliinama, akaondoa tofali moja, akaondoa la pili, akalivuta turubai kutoka juu ya dunia. Akalikung'uta. Akalikunja vizuri mara nne kama anavyokunja kitambaa cha altare siku ya zamu yake kanisani, akampa Abiba kwa mikono miwili.

"Mama Dahir, magodoro yasilowe."

"Na mawe yenu?"

"Mawe hayaogopi maji."

Akaingia ndani na kufunga mlango.

Mvua ilikuja adhuhuri, na safari hii haikubadili nia. Ilipiga mabati mpaka watu wakaongea kwa kupigiana kelele. Saa nane kasoro mwalimu Salesio alifika na mwavuli na tai, kwa kuwa alikuwa amealikwa kusindikiza ndege na aliona si vizuri kuja bila tai. Alimkuta Nakaale barazani, na Doyo na Abiba wamekaa kwenye benchi kama watu waliokuja kwenye msiba. Nakaale akamweleza kwa sauti ya chini.

"Tangu asubuhi hajala. Amesema ataruka mara moja tu, atatua hapa hapa Isiolo, halafu niirudishe mashine kwenye sanduku lake."

"Na safari?"

"Hakuna safari, mwalimu. Baba amesema."

Ndani, Apua alikaa kwenye kiti cha pikapu. Kioo kilimwonyesha uwanja wa Isiolo, lami ndefu na vilima nyuma yake, jua kali kwa sababu Nakaale alikuwa hajui kuweka mvua. Aliweka viganja vyake juu ya magoti. Hata siku za majaribio hakuwahi kuruka bila kuomba, na Doyo alimtania kila mara, "Unaombea kiti cha pikapu?" kisha yeye mwenyewe akasema Bismillahi kwa sauti ndogo, akidhani hasikiki.

"Bwana," Apua aliomba, "ulinipa rafiki kabla sijajua kuandika jina langu. Sikuombi umzuie, maana anakwenda kwenye wajibu. Nisaidie tu nitue salama, nimalize."

Akasukuma kijiti. Injini ikanguruma kwenye spika, na kindege cheupe, cha aina ile ile ya Bruda, kikaiacha lami.

Alizunguka juu ya mji. Mji wa kwenye kompyuta haukuwa na soko wala misikiti wala kanisa lake, ulikuwa nyumba za kubuni tu, lakini vilima vilikuwa vya kweli. Aliutazama upande wa Ngaremara. Korongo lilikuwepo. Misheni haikuwepo. Hata mashine haikukumbuka.

Akarudi kwenye uwanja, akapita chini, kama Bruda. Akazunguka. Akangoja.

Hakuna sauti iliyokuja. Stuli ya jikoni nyuma yake ilikuwa tupu.

"Tua," alijiambia. Alielekeza pua ya ndege kwenye lami, akaanza kushuka. Lami ilikuwa wazi na tupu, hakukuwa hata na jani. Aliiona mwenyewe kwa macho yake. Lakini ilipokaribia, mkono wake ukavuta kijiti, ndege ikapanda tena. Akazunguka. Akajaribu mara nyingine, mkono ukakataa tena.

Nakaale alichungulia mlangoni. "Baba, mafuta yanakwisha."

"Naona."

"Si utue sasa!"

"Uwanja haujasafishwa."

"Baba, hakuna kitu pale!"

"Nakaale," Apua alisema bila kugeuka, na sauti yake haikuwa ya hasira, "miaka yote ile sikuwahi kusema peupe kwa macho yangu peke yangu. Mimi ni wa upande wa kusini."

Nakaale alirudi barazani, akasimama mbele ya Doyo. "Baba Dahir, anazunguka. Anakungoja."

"Amefunga mlango," Doyo alisema.

"Si nimeufungua mimi! Mafuta yamebaki kidole."

Abiba alimpiga mumewe begani. "Unangoja nini? Mwambie hilo neno lenu!"

"Kutoka hapa? Siuoni uwanja. Sijui kama kuna mbuzi."

"Hakuna mbuzi," mwalimu Salesio alisema kwa huruma.

"Mwalimu, wewe kaa." Doyo alisimama. Ghafla alikuwa mtu mwingine, mwenye kazi. "Neno hilo halisemwi na mtu aliyekaa kwenye benchi."

Akapandisha kikoi chake, akachukua bakora, akaingia kwenye mvua. Aliizunguka nyumba mpaka nyuma, mpaka kwenye dunia. Na pale, katikati ya mawe yaliyoloa, palikuwa na mbuzi. Alikuwa wa jirani, beberu mweupe mwenye pembe moja. Lango lilikuwa limeachwa wazi, naye akaingia kutafuta mahali pakavu, akashindwa, akasimama juu ya Grinilandi akitafuna ganda la muhindi.

"Laaa!" Doyo alipaza sauti. "Hata wewe! Toka! Toka uwanjani!"

Beberu alikimbilia Kanada. Doyo akamfuata. Beberu akavuka Alaska, akaruka Pasifiki yote kwa hatua mbili, akajificha nyuma ya banda la kuku. Kuku wakatoka kwa kelele na kutawanyika Uchina. Doyo aliteleza, akaanguka kwa goti moja, kofia ikaenda Misri, akainuka, akampata beberu kwa bakora kwenye matako na kumsukuma hadi nje ya lango. Akalifunga. Akarudi, akasimama kwenye banda la kuku, akatazama kushoto, akatazama kulia, akihema. Nyumba ilikuwa kati yake na rafiki yake aliyekaa chumba cha mbele, na paa lake la mabati limeinuka katikati kama mgongo wa mtu aliyelala.

Akaweka viganja mdomoni.

"Peu-peeee!"

Ndani, Apua aliisikia juu ya mvua, juu ya injini, juu ya bati. Sauti ilikuwa imezeeka na kukwaruza, lakini ilitoka mahali pale pale, nyuma ya mgongo, kaskazini. Alishindwa kuona vizuri kwa muda, akapangusa macho kwa mkono wa shati. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anayemgeukia mtu mwenye kitambaa cheupe, "Peupe."

Ndege ikashuka. Gurudumu likagusa, likaruka kidogo, likagusa tena. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala kabisa. Kindege kikasimama katikati ya lami.

Alitoka kwa mlango wa nyuma na kumkuta Doyo amesimama vile vile, maji yakimtiririka kwenye ndevu, goti lina matope.

"Alikuwepo mmoja," Doyo alisema.

"Nini?"

"Mbuzi. Wa Akidor, yule mwenye pembe moja. Alikuwa Grinilandi."

Apua alimtazama. Kisha kicheko kikamtoka, kicheko cha mtoto, akashika kiuno, na Doyo naye akashindwa kujizuia. Wazee wawili walisimama kwenye mvua wakicheka mpaka Abiba akawaita wendawazimu kutoka kwenye dirisha la jikoni.

"Mwalimu ameona?" Doyo aliuliza akipumua. "Mwambie. Mwambie kuhusu mbuzi wa Japani."

"Nimeona kwa macho yangu," mwalimu Salesio alisema kutoka mlangoni, tai imelowa. "Nafuta swali langu."

Mvua ilipopungua walitoka wote uani. Dunia ilikuwa imeharibika. Ulaya ilikuwa imesombwa hadi karibu na jiko, visiwa vya Pasifiki havikuonekana tena, na beberu alikuwa ameigawa Kanada. Apua alichuchumaa akipapasa kwenye matope mpaka akalipata jiwe jeusi. Akalisafisha kwenye suruali, akalirudisha mahali pake.

"Baba Dahir," alisema. "Merti kuna mtandao?"

"Sokoni upo. Malishoni hakuna."

"Jumamosi utakuwa sokoni?"

"Jumamosi ni siku ya kununua unga na chumvi. Nitakuwepo." Doyo alianza kuelewa. "Lakini nitaonaje uwanja kutoka Merti?"

"Leo umeuona?"

Doyo alikitazama kikoi chake chenye matope, akatikisa kichwa.

"Na mimi sikuwahi kuuona upande wako," Apua alisema. "Wewe utatazama pale uliposimama. Kama kuna mbuzi, fukuza. Halafu sema."

"Watu wa sokoni Merti watasema nina wazimu."

"Watazoea," Abiba alisema. "Mimi nimezoea."

"Na simu ikikosa mtandao, Baba?" Nakaale aliuliza. "Utazunguka mpaka uanguke baharini?"

"Si ulinionyesha kitufe cha kuisimamisha?"

"Kipo. Unakibonyeza, ndege inabaki palepale hewani, hata mafuta hayapungui. Unaweza kuiacha hata mwezi."

Apua aliokota jiwe jingine, dogo, la rangi ya udongo, akaliweka karibu sana na lile jeusi, kabla ya Uhabeshi. "Hapa patakuwa Merti. Ndicho kituo cha kwanza. Mtu hapiti juu ya boma la ndugu yake bila kushuka kunywa chai."

"Chai ya maziwa ya ngamia," Doyo alisema. "Na mafuta ya mbuzi?"

"Yanarudi yote. Na Karachi inarudi."

Doyo alitia mkono mfukoni, akalitoa jiwe la Karachi, alilokuwa amelibeba tangu asubuhi bila kujua, akalirudisha chini.

Ndipo Apua akasimama wima na kuvua kofia yake, ingawa matone bado yalikuwa yakianguka. Wengine wakanyamaza, kwa kuwa walimjua, na walijua anavyosimama anapotaka kusema neno mbele za Mungu.

"Mwalimu Salesio, Mama Dahir, na wewe binti yangu, ninyi ni mashahidi," alisema. "Mbele ya Mungu na mbele yenu ninaahidi hivi. Sitaweka gurudumu chini, iwe Merti, iwe Japani, iwe kwa Warusi, mpaka nisikie Doyo amesema peupe. Simu ikikosa, ndege itamngoja hewani, na mimi nitangoja nayo, hata kama ni mwezi. Na siku tutakayorudi Isiolo, nikiwa hai na yeye akiwa hai, sitatua kama hayuko hapa kwenye banda la kuku, kwa miguu yake mwenyewe, akiniita."